T ya Kucheka

Mamangu aliponiuliza nilichokwenda kusomea Mombasa ni kitu gani, nilimjibu kwa fahari kwamba ni uandishi wa upekuzi. Alikuwa akichagua mchele. Akasita, sinia mapajani, akaniangalia kama mtu aliyesikia vibaya.

"Upekuzi?" akasema. "Mimi nimekuzaa wende ukapekue majumba ya watu?"

Kwetu Amu, ndiyo Lamu yenyewe, mpekuzi si mtu wa kusifiwa. Ni yule mgeni anayefunua vyungu jikoni mwenye nyumba akitoka kidogo, kisha akapita mitaani kueleza kilichokuwamo. Nikajaribu kumfahamisha kwamba sisi hatupekui majirani, tunapekua wenye madaraka, wanaofanya mambo yao kwa siri na kwa jina letu. Akauliza, "Na wenye madaraka hapa ni nani, kama si wana wa ami zako?" Nikacheka, nikamwona mtu wa zamani. Leo ningemjibu kwa adabu zaidi, maana alichosema kilikuwa kweli tupu.

Mafunzo yalifanyika katika hoteli moja ya Mombasa, chumba chenye zulia na kiyoyozi kilichotufanya sote tuugue mafua. Mwalimu wetu alikuwa mhariri wa gazeti kubwa la Nairobi, mtu wa bara, mcheshi, mwenye tabia ya kuvua viatu akianza kufundisha na kutembea huku na huku kwa soksi. Nilimpenda mwalimu yule. Nasema hivyo mapema ili ifahamike kwa nini hasira yangu naye haijaisha hadi leo. Mtu usiyempenda hawezi kukukasirisha kiasi hicho.

Zoezi la kwanza lilikuwa kusimulia jambo tulilolishuhudia kwa macho yetu. Nikasimulia habari za mwanasiasa aliyekuja kwetu kuomba kura, akateleza pale gatini akishuka kwenye boti, akaanguka majini na suti yake. "Watu wote wakateka," nikamalizia.

Mwalimu akasimama katikati ya zulia. "Wakamteka? Nani walimteka? Polisi walikuwa wapi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Ilibidi niende ubaoni kueleza. Nikaandika kwamba chini yenu kwetu ni tini, macho ni mato, kichwa ni kitwa, na kucheka ni kuteka. Akauliza, basi kuteka maji au kuteka nyara mnasemaje? Nikamwambia ni kuteka vilevile, lakini t si ile ile. T ya kucheka, ulimi unagusa meno. Akajaribu kuitamka, akashindwa, akajaribu tena huku amejishika kidevu kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Tangu siku hiyo nikiingia darasani alisema, "Haya, mtekaji nyara wetu wa Lamu amefika, jifungieni milango." Ulikuwa utani mzuri. Nilijiona nimependwa.

Alitufundisha mengi, na sitaki kumdhulumu. Alitufundisha kutoamini neno la mtu mmoja hata akiwa analia. Alitufundisha kwamba unayemshutumu lazima umpe nafasi ya kujibu, uso kwa uso, hata kama unamwogopa. Lakini somo alilolirudia kuliko yote, akipiga ngumi kiganjani, lilikuwa hili: maneno ya mwenye kisa hayaguswi. "Usimfundishe shahidi wako Kiswahili," alikuwa akisema. "Akisema vibaya, andika vibaya. Sauti ni yake." Somo hilo lilinigusa kuliko mengine, kwa sababu maisha yangu yote nilikuwa nimesoma watu wa kwetu magazetini wakizungumza Kiswahili ambacho hakuna mmoja wao aliyewahi kukizungumza.

Nikarudi nyumbani nikiwa na rekoda mpya na kichwa kikubwa.

Kipungani, kijiji cha upande wa pili wa kisiwa chetu, nilikwenda kwa habari ndogo tu. Gazeti la mwalimu lilitaka makala ya ukurasa wa utamaduni kuhusu mikeka, habari ya kuwapendeza watu wa mjini walio na sebule kubwa. Nikaelekezwa kwa Bi mmoja mjane, aliyejulikana kijiji kizima kwa mkono wake wa kusuka. Nilimkuta kibarazani mwa nyumba yake, ukili umejikunja karibu na goti lake, vidole vinakwenda vyenyewe huku macho yakiangalia kwingine. Nikamuuliza kuhusu miaa, kuhusu rangi, kuhusu nani alimfundisha. Akanijibu kwa upole, kisha akauliza yeye.

"Wewe ni mtu wa gazeti, mwanangu? Habari za mikeka tu ndizo uandikazo?"

Akaniambia kuhusu shamba la minazi la babake, upande wa ufukweni. Watu asiowajua walikuja wakachomeka mawe ya mipaka. Alipouliza, wakamwambia shamba ni la kampuni, na kijiji chenyewe kiliridhia katika mkutano. Yeye hakuuona mkutano wowote. Mle shambani mna kisima, na kando ya kisima kuna kaburi la babake, analolizuru kila Ijumaa. Hilo ndilo alilokuwa akilitaka. Hata minazi hakuitaja sana. Alitaka asizuiwe kwenda kumsomea babake.

"Nalikwenda muini, hata ofisini kwa watu wa ardhi," akasema. "Nikawambia, nti ile ni ya babangu. Wakataka hati. Nikawambia hati yangu ni lile kaburi, babangu yumo tini, nendani mukamuulize. Walinteka, mwanangu. Walinteka hata moya akafuta mato. Nikarudi na ndia yangu."

Aliposema hivyo vidole vyake vilisimama. Ndiyo mara ya pekee nilipoviona vimesimama siku ile. Mipaka ya shamba ilimtia wasiwasi, lakini kilichomuuma ni kile kicheko. Mwanamke mtu mzima, amevaa buibui lake safi, amepanda boti kwenda kusema jina la babake mbele ya watu, na watu hao wakacheka hadi machozi.

Makala ya mikeka sikuiandika. Nilimpigia mwalimu simu, akafurahi. "Hii ndiyo," akasema. "Sasa nenda polepole."

Nikaenda polepole. Kwetu hakuna mwendo mwingine. Huwezi kumwendea mtu ukamtupia swali. Kwanza unasalimia, unaulizwa mama hajambo, unakunywa kahawa, unaambiwa kwamba bibi yako na bibi yake walinyonya ziwa moja, na ukitoka hapo tayari ni ndugu, na ndugu hamuulizi nduguye kama amekula rushwa. Katika ofisi ile ya ardhi faili la shamba lile halikupatikana kila nilipokwenda. Leo liko kwa mkubwa, kesho mkubwa yuko safarini. Karani mmoja aliyesoma na kakangu akanishauri kwa huruma nirudi kwenye habari za mikeka.

Kilichonifungulia mlango ni kitu kidogo ambacho mtu wa nje asingekiona. Ofisa mmoja, kwa kutaka kuniondoa mbele yake, aliniambia siku ulipofanyika ule mkutano wa kijiji. Nikarudi nyumbani, nikamtajia mamangu, akacheka.

"Siku hiyo? Siku hiyo Kipungani hakukuwa na mtu. Sute tulikuwa Maulidini. Hata wewe ulikuweko, si ulinitilia chai wewe?"

Kweli. Siku ya Maulidi vijiji humiminika mjini. Wazee wanaodaiwa kukaa chini ya paa la madrasa yao Kipungani na kukubali shamba liende walikuwa Amu, wamevaa kanzu nyeupe, wanafuata ngoma za matwari, na picha zao zilikuwa kwenye simu za nusu ya mji. Nikazikusanya. Nikawaendea wazee wenyewe, mmoja baada ya mwingine, wakakubali kurekodiwa kwamba hawakuketi kwenye mkutano wowote. Wawili walikuwa na hofu, wakasema hata hivyo. Mamangu, aliyechukia upekuzi, ndiye aliyenishonea mfuko wa kuhifadhia rekoda ndani ya buibui.

Mwisho nikamwendea mkubwa wa ofisi ile, kama nilivyofundishwa, uso kwa uso. Ni mtu wa Amu, wa ukoo wa mji mkongwe, amekulia mitaa ile ile niliyokulia mimi. Tulizungumza Kiamu. Nikamwekea rekoda mezani, akaiona. Kuhusu mkutano alisema niwaulize waliokuweko. Kuhusu Bi, akatabasamu.

"Bibi yule? Twaliteka, naam. Mtu akiya akikwambia hati yake ni kaburi, wewe hungeteka?"

Nilitoka pale kwa furaha. Nilikuwa na picha, nilikuwa na wazee, nilikuwa na mkubwa mwenyewe anakiri kwa sauti yake kwamba walimcheka mjane. Niliandika usiku na mchana. Maneno ya Bi sikuyagusa, kama nilivyofundishwa. Niliyaweka yalivyo, "walinteka", na mbele yake nikaongeza kwa maneno yangu, yaani walimcheka. Nikatuma Nairobi na sauti zote. Nikampigia mwalimu kumkumbusha. "Hiyo ni t ya kucheka," nikamwambia. Akasema, "Mtekaji nyara, nitakusahau vipi?"

Ilitoka siku ya Ijumaa. Niliiona kwenye simu nikiwa jikoni kwa mamangu, mkono mmoja una unga. Kichwa cha habari kilikuwa cha herufi nene: AJUZA ATEKWA NYARA KWA KUDAI SHAMBA. Chini yake picha ya Bi niliyoipiga mimi, ameshika ukili.

Nilisoma mara ya pili nikidhani macho yananidanganya. Ile "yaani walimcheka" ilikuwa imeondolewa. Mahali pake palikuwa na aya nzima, si yangu, inayoeleza jinsi maofisa walivyomteka mjane huyo, wakamzuia ofisini, kisha wakamwacha arudi na njia yake. Sijui mtu anatekwaje nyara halafu anarudi na njia yake, lakini waliiandika.

Nikampigia mwalimu. Alipokea akiwa na furaha.

"Umeona? Ukurasa wa kwanza!"

"Hakutekwa," nikamwambia. "Alichekwa."

Akasema, "Lakini mimi mwenyewe nimeisikiliza sauti. Wahariri wa meza ya habari walikuwa na shaka, nikawaambia ngoja nisikilize. Amesema waziwazi."

"Ulisikiliza. Hukusikia."

"Sikiza," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemtuliza mtoto. "Ni neno moja. Habari ni ya shamba. Msomaji wa Kericho hajui mambo ya t zenu."

T zetu. Alikuwa amezichezea hizo t darasani, alikuwa amejishika kidevu kuzijaribu, alikuwa amenibandika jina kwa ajili yazo. Utani aliukumbuka vizuri. Kilichomtoka ni maana yake. Nimefikiri sana tangu siku hiyo, na naona kwamba kwake lugha yetu ilikuwa kichekesho tangu mwanzo. Hakupata kuamini kwamba kuna watu wanaitumia kusema jambo zito.

Mkubwa wa ofisi hakupoteza wakati. Jioni ile alikuwa redioni. Hakuzungumza Kiamu. Alizungumza Kiswahili cha taarifa ya habari, kila ch mahali pake. "Gazeti linadai tulimteka nyara bibi kizee," akasema. "Sisi ni watumishi wa umma. Bibi huyo yuko nyumbani kwake Kipungani anasuka mikeka, nendeni mkamwone. Mkiona wamedanganya katika hili, mtaamini vipi la shamba?" Mtu aliyeniambia kwa ulimi wake "twaliteka" alikuwa akijua kabisa Bi alisema nini. Katika wote waliolishika neno lile, Nairobi na Amu, yeye peke yake ndiye aliyelielewa sawasawa kama mimi. Ndiyo maana aliweza kulitumia.

Nikawaambia Nairobi kwamba sauti yake ninayo, anakiri. Wakili wa gazeti akataka kujua anakiri nini. Nikamwambia anakiri kumcheka mjane. Akasema, "Kucheka si kosa la jinai, dada." Nikawaomba wasahihishe neno hilo moja tu, waache Maulidi, waache picha, waache wazee. Wakili akasema ni salama zaidi kuondoa yote. Kesho yake habari haikuwepo tena mtandaoni, na gazetini kukatoka radhi fupi, imebanwa kando ya tangazo la magodoro, inayosema kwamba habari ile haikufikia viwango vyao. Haikusema ni viwango vya nani vilivyoshindwa. Kila aliyeisoma alidhani ni vyangu, au vya Bi.

Mwalimu akanipigia siku chache baadaye. Sikutaka kupokea, nikapokea. Alisema nipumzike kidogo. Kisha, sijui kwa mazoea au kwa kukosa la kusema, akaniongezea somo: katika kazi hii kosa moja dogo linaweza kuua habari nzima, kwa hiyo tuwe waangalifu. Tuwe. Nilikata simu bila kuaga, jambo ambalo sijapata kumfanyia mtu mzima maishani mwangu, na sijalijutia.

Nilijaribu kwingine. Mhariri wa kwanza aliuliza, "Hii si ile ya ajuza aliyetekwa?" Wa pili hakujibu. Wazee waliorekodiwa wakaanza kupita upande wa pili wa kichochoro wakiniona, na siwalaumu, walikuwa wameweka majina yao kwenye kitu ambacho sasa kilikuwa dhihaka. Mamangu hakuniambia, "Nilikwambia." Alinitilia chai tu, akakaa nami. Ningependa aniambie.

Kipungani nilichelewa kwenda, kwa aibu isiyokuwa yangu lakini iliyonikalia mimi. Nilipofika nilipitia upande wa ufukweni. Shamba lilikuwa limezungushiwa mabati mapya, yanameremeta. Langoni kulikuwa na mlinzi, kijana mpole wa bara, akaniambia kwa adabu kwamba hapaingiliki. Nikamuuliza kuhusu kaburi. Akasema yeye ameambiwa ndani hakuna kaburi, kuna ujenzi.

Bi alikuwa kibarazani. Alinikaribisha kama siku zote, akanisogezea mkeka, akamwita mjukuu alete kahawa. Nilikuwa nimetunga maneno njiani, yote yakanipotea. Yeye ndiye aliyeanza.

Alinieleza kwamba polisi walikuja. Walitaka kujua nani alimteka nyara. Akawaambia hakuna mtu aliyemfanya hivyo. Wakamuuliza, basi kwa nini ulisema umetekwa? Akasema, kwa sababu walinteka. Wakatazamana. Wakamuuliza tena, polepole, kama mtu asemaye na kiziwi, naye akawajibu tena vilevile, kwa sababu hana neno jingine. Mwisho wakaandika kwamba mlalamishi amekana madai yake, wakamshikisha wino, wakaenda zao. Na kijijini watoto walikuwa wamepata mchezo mpya. Wakimwona anapita, mmoja hujifunga kitambaa usoni na wengine hukimbia wakipiga kelele, bibi ametekwa, bibi ametekwa.

"Na kaburi?" nikamuuliza.

"Namsomea hapa hapa," akasema, akionyesha mahali alipoketi. "Mwenyezi Mungu asikia popote. Lakini yeye babangu, sijui."

Nikamwomba radhi. Nikamweleza kwa kirefu kuhusu meza ya habari, kuhusu wakili, kuhusu mwalimu aliyesikiliza na asisikie. Nikamwambia kwamba mimi niliandika sawasawa alivyosema, sikugusa hata herufi. Alinisikiliza bila kunikatiza, akisuka. Nilipomaliza alitikisa kichwa kidogo, si kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya nayo.

"Si wewe, mwanangu," akasema. "Ile siku ya kwanza walikuwa watu watatu wanne tu, na mlango umefungwa. Nikarudi, hakuna aloyua. Ni gazeti ndilo lilowaita ulimwengu kuya kuangalia." Akauvuta ukili, akaukaza. "Sasa ndipo waliponteka."

Nimelelewa katika lugha ile. Masikio yangu yanajua pale ulimi unapogusa meno na pale usipogusa. Nilimwangalia mdomo, nikangoja alirudie neno lile, naye hakulirudia, akaendelea kusuka. Mpaka leo sijui alisema t gani.